Hedifoni za mgongo wazi: mnunuzi aambiwe mapema

Mhariri,

Juzi usiku mume wangu aliangua kicheko kitandani, na kilichomchekesha kilikuwa ndani ya hedifoni zangu. Mimi niko mezani, mgongo nimempa, namsikiliza mzee mmoja katika rekodi akisimulia mkasa ambao siruhusiwi kuutaja hapa. Nilidhani tuko wawili tu, mimi na yule mzee. "Ikawaje baadaye?" mume wangu akauliza.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Kwa miaka 11 nimetumia hedifoni za kawaida, zile zinazoziba sikio kama kifuniko cha sufuria. Ikifika jioni masikio yamelowa jasho na utosi unagonga. Nikadunduliza, hatimaye nikanunua hedifoni za daraja la juu, zenye mgongo wazi, yaani upande wake wa nje haukuzibwa. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa ugomvi wangu hauhusu ufundi wake.

Ufundi wake nausifu. Nilipozivaa mara ya kwanza nilidhani nimesahau kuchomeka waya, maana feni na saa ya ukutani vilisikika vilevile. Kisha rekodi ikaanza, mtu akakohoa nyuma yangu upande wa kushoto, nikageuka kumtazama. Hapakuwa na mtu. Rekodi hiyo nilikuwa nimeiandika mwaka jana na mahali panne nikaweka "haisikiki". Safari hii pawili pakafunguka: mahali pamoja ni jina la mto, pengine ni "sikutaka" niliyokuwa nikiisikia "nikitaka". Hebu fikiria tofauti yake katika ushuhuda wa mtu! Pawili palipobaki hapasikiki hata sasa, kwa sababu mlango ulibamizwa juu ya neno lenyewe, na hakuna hedifoni ya kuurudisha mlango ule nyuma.

Nilijaribu na muziki pia. Gitaa likakaa mbali kidogo na fidla, kila kimoja na kiti chake. Besi ipo, safi, ila haisukumi kifua. Anayependa kutikiswa atasikitika.

Siri iko nyuma ya kiwambo, ule utando mwembamba unaotoa sauti. Kiwambo kinapotetemeka husukuma hewa pande zote mbili, mbele na nyuma. Katika hedifoni zilizozibwa, ile sauti ya nyuma hugonga ukuta wa kikombe, na sehemu yake hurudi sikioni, ndiyo maana mtu huonekana anazungumzia mtungini. Hizi nyuma zina wavu tu, kwa hiyo sauti hiyo hutoka ikaenda zake. Huenda wapi? Kwa mume wangu.

Wala si jambo la jana. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani iliuza hedifoni za mgongo wazi ziitwazo HD 414, zenye sponji za njano, tangu mwaka 1968. Miaka yote hiyo inatosha kabisa kupata sentensi moja ya kuandika juu ya sanduku: aliye karibu nawe atasikia. Sanduku langu lina kitambaa laini, kijitabu cha lugha nyingi na mchoro wa sumaku. Sentensi hiyo haimo. Muuzaji nilimweleza kazi yangu waziwazi. Akanijibu, "Utasikia mpaka pumzi." Ni kweli, na mume wangu naye amezisikia.

Watu ninaowasikiliza husema habari za maradhi yao, talaka, mirathi. Nimetia saini kwamba hayatatoka kwangu. Mume wangu si mmbea, lakini siri ya mtu si mali yangu ya kugawa, hata kitandani.

Jingine walilonificha ni nguvu. Zangu ni za omu 300, yaani ukinzani wake wa umeme ni mkubwa, na simu yangu huziendesha kwa shida, hivyo nimelazimika kutafuta amplifaya ndogo. Na kwa kuwa kelele za nje huingia bila hodi, feni ikizidi mkono unakwenda wenyewe kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Saa 40 ndiyo wiki yangu ya kazi!

Ombi langu kwenu, Mhariri: kurasa zenu za vifaa zinaposifu hedifoni, semeni mwanzoni kabisa kama mgongo uko wazi au umezibwa, ndipo mje kwenye rangi na betri.

Zile za zamani nimezirudisha mezani kwa rekodi za siri, jasho na yote. Mpya nazivaa nikiwa peke yangu nyumbani. Jana mume wangu aliniuliza tena kisa cha yule mzee kiliishaje. Nikamwambia alale.

Mwandishi wa Mahojiano