Shukrani kwa mzee wa Ikuchijima

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikulijua, na Kijapani changu kiliishia kwenye "arigato", yaani asante, kwa hiyo shukrani zangu nazileta hapa.

Asubuhi ile nilivuka kwa kivuko kutoka mji wa Onomichi, Japani, nikaanza njia ya baiskeli ya Shimanami Kaido: kilomita 70 hivi hadi Imabari, visiwa sita na madaraja juu ya bahari ya Seto. Sikuwa na haraka. Mstari wa buluu uliochorwa barabarani ulinionyesha njia, na huko magari hupita kushoto kama kwetu, basi nikajiachia, macho baharini.

Pancha ilinikuta kisiwani Ikuchijima, kando ya mashamba ya malimau, na pampu sina. Ukashuka kwenye pikapu yako ndogo bila kuitwa. Ukatoa tyubu, ukaizamisha kwenye ndoo ya maji mpaka viputo vikaonyesha tundu, ukasugua kwa msasa, ukapaka gundi, ukabandika kiraka. Mikono ile ilinikumbusha mafundi wetu wa chini ya mwembe. Pesa ukakataa, ukanijazia malimau mfukoni. Kisha ukanyoosha kidole kwenye daraja la Tatara, ukapiga makofi mara mbili. Sikuelewa.

Nilielewa nilipofika chini ya mnara wa daraja. Nilipiga makofi, na mwangwi ukapanda juu ukitetema. Wenyeji huuita joka linalolia. Nilirudia mara nyingi, mzee wangu. Ahsante sana. Kiraka chako kilinifikisha Imabari kabla ya jua kuzama.