Hospitali za wakulima wa Saskatchewan
Ndugu wanakikundi,

Kabla ya kikao cha Jumamosi kuhusu mfuko wa zahanati, naomba tutafakari historia ya wakulima wa ngano wa Saskatchewan, Kanada. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, halmashauri ya Sarnia, ikihofia kumpoteza daktari wake, ilianza kumlipa dola 1,500 kwa mwaka kutokana na kodi ya wakazi. Mwaka 1916 sheria iliziruhusu halmashauri jirani kuungana, kujenga hospitali moja na kuiendesha kwa kodi zao; hapo kwenye kuiendesha ndipo penye uzito, kwani harambee nyingi huishia kwenye kupaka rangi. Januari 1947 jimbo zima lilianza bima ya hospitali, dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Maswali yaletwe hapa kabla ya Ijumaa jioni.