Kwa vijana mnaoanza kazi ya ushauri nasaha: simulieni, kisha nyamazeni

Wanangu,

Nasikia wengi wenu mmeshika hipnosisi, ile tiba ya kumtuliza mtu azame katika jambo moja ili maneno yamwingie, wengine kwa mafunzo ya siku mbili ya kwenye simu, na kwamba mnarushiana hadithi za kutibu wateja kama majirani wanavyopeana dawa ya kikohozi. Mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili, sina cheo cha kumkataza mtu. Ila mmezoea kunipigia mkikwama, kwa hiyo leo nasema kabla hamjapiga.

Kwanza niseme kwamba nafurahi. Hadithi ni chombo kizito katika tiba ya mazungumzo, na sisi hatukuhitaji kukiagiza kutoka ng'ambo. Mtoto akiitwa "Paukwa!" akajibu "Pakawa!", tayari ameshahama pale alipokaa. Pumzi imetulia, macho yamemganda bibi, mbu anamuuma na yeye hana habari. Wataalamu wa hipnosisi wanatafuta hali hiyohiyo: mtu amezama katika jambo moja, ya pembeni yamefifia, na neno analoambiwa linapata njia ya kuingia. Si usingizi, wala si kurogwa. Anasikia, anajua yuko wapi, na akiambiwa jambo asilolitaka anaweza kulikataa.

Lakini bibi zetu walikuwa na adabu moja ambayo naona mnaisahau. Hadithi ikiisha, waliondoka wakafunike moto. Hawakukaa kuwauliza watoto wamejifunza nini. Hayo ya "hadithi hii inatufundisha" tumeyatoa kwenye vitabu vya darasani, na naomba myaache hukohuko. Hadithi ikishatoka kinywani mwako ni mali ya aliyeisikia. Atakachochukua atakichukua kwa kipimo chake, pengine baada ya wiki tatu akiwa anaosha vyombo. Ukiifafanua umemnyang'anya.

Daktari aliyeielewa adabu hii kuliko wengi ni Mmarekani, Milton Erickson. Alizaliwa 1901 Nevada, akakulia shambani Wisconsin. Akiwa na miaka 17 akashikwa na polio, akawasikia kwa masikio yake madaktari wakimwambia mama yake kwamba kijana hatafika asubuhi. Akafika. Ila mwili haukusogea, na kwa kuwa alibakiwa na macho na masikio tu, akawa anatazama watu. Aligundua kwamba dada zake waliweza kusema ndiyo huku sauti inasema hapana. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekuwa anajifunza kutembea. Akamtazama anavyoshika kiti, anavyopanua miguu, anavyoanguka na kuinuka, naye akajifundisha upya kwa kumfuata mtoto. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili, akahamia Phoenix, Arizona, mwaka 1948, na huko akawa anatibu watu nyumbani kwake. Wagonjwa walisubiri sebuleni pamoja na watoto wake. Mwaka 1957 alishiriki kuanzisha chama cha Wamarekani cha hipnosisi ya kitabibu, akawa rais wake wa kwanza. Alifariki 1980.

Kabla yake, hipnosisi ilikuwa kazi ya kuamrisha: macho yako ni mazito, utalala, ukiamka utaacha sigara. Erickson naye aliweza kuamrisha alipotaka, lakini alijulikana zaidi kwa kuzunguka. Angemsimulia mgonjwa habari za shamba, za mbwa, za mtoto anayejifunza herufi, na katikati ya maneno hayo ya kawaida akapandikiza aliyokusudia.

Mfano unaotajwa sana ni wa mwuza maua mmoja, katika maandishi anaitwa Joe. Alikuwa na saratani usoni na shingoni, ametobolewa koo ili aweze kupumua, hawezi kusema ila kwa kuandika. Dawa za maumivu zilikuwa zimempa sumu bila kumpa nafuu ya kutosha. Na hakutaka hata kulisikia neno hipnosisi. Jamaa yake ndiye aliyemwita Erickson. Basi Erickson akakaa, akaanza kumweleza Joe habari za mche wa nyanya. Mbegu inawekwa ardhini. Mvua inakuja, inaleta utulivu na nafuu. Mizizi inakwenda chini polepole, huioni, huisikii. Mche unaweza kujisikia vizuri hata kama hatujui unajisikiaje. Akasema hivyo kwa muda mrefu, maneno ya nafuu na kupumzika akiyatamka kwa sauti tofauti kidogo na mengine. Joe alikuwa mtu wa mimea tangu utotoni, akafuata. Maumivu yakapungua, akaweza kurudi nyumbani, akaongezeka uzito, akaishi miezi mingine kabla ya saratani kummaliza. Erickson aliichapisha habari hiyo mwaka 1966.

Yapo mambo mawili hapo. La kwanza, nyanya hazikuchaguliwa kwa sababu ni nzuri. Zilichaguliwa kwa sababu Joe alikuwa Joe. Mvuvi msimulie ya mvuvi ukiwa unaujua uvuvi. La sivyo atakukamata ukikosea jina la upepo, na hapo umempoteza. Ni heri umuulize yeye akufundishe kazi yake vikao viwili, ndipo utakapojua hadithi imelala wapi. Fundi cherehani anajua jambo kuhusu kufumua mshono bila kuchana kitambaa. Mama ntilie anajua moto wa kupunguza na moto wa kuacha uwake. Hayo wanayo tayari. Kazi yako ni kuyaita.

La pili sikubaliani na Erickson, na nalisema wazi maana wapo wanaomfanya mtume. Joe alikuwa amekataa hipnosisi, na alifanyiwa bila kuambiwa. Kwa mtu aliye katika mateso yale, mwaka ule, siwezi kumhukumu daktari. Lakini ninyi leo msifanye hivyo. Mteja aambiwe: nitatumia hadithi na utulivu wa aina hii, unakusudiwa kukusaidia hivi, unaweza kunisimamisha wakati wowote. Kwetu hapa jambo hili ni zito kuliko kwao. Watu wameona ngoma za kupunga pepo, wameona mikutano ya maombi watu wakianguka, wameambiwa kuna wanaoiba nyota. Mama akirudi nyumbani akasema "yule mshauri alinilaza", mume atakuja na panga au na shehe, na zote mbili zitakuwa haki yake. Eleza mapema. Ukiona ndugu anataka kukaa naye chumbani, mpe kiti.

Ipo hadithi nyingine ya Erickson ambayo inatuhusu sisi wa Tanga kwa njia ya ajabu. Alikwenda Milwaukee akaombwa amtembelee mwanamke tajiri aliyekuwa amejifungia kwenye jumba lake kwa huzuni, hatoki ila kwenda kanisani, na huko harusha neno kwa mtu. Alipotembezwa nyumbani akaona giza na mapazia, na mahali pamoja tu penye uhai: maua madogo ya rangi ya urujuani ndani ya vyungu, mama yule akiyaotesha mwenyewe kutokana na majani. Hakumwambia neno kuhusu huzuni. Alimwagiza aoteshe mengi, na kila kanisani kwake kukitokea uzazi, ubatizo, uchumba, ndoa, ugonjwa au msiba, apeleke chungu kimoja. Sasa mtu mwenye vyungu vyote vile vya kupeleka ataendeleaje kujifungia? Alipokufa miaka mingi baadaye alizikwa na umati.

Ua lile ni la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku kwetu, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliandika kwa jina la ukoo wa ofisa huyo, Saintpaulia. Siku hizi linapamba madirisha ya nusu ya dunia, na hapa Muheza ukimuuliza kijana atakwambia halijui. Nikisema haya kwenye semina watu hucheka, halafu mmoja huandika kwenye daftari "hadithi ya maua", na najua kesho atamsimulia mjane wa Pongwe habari za Milwaukee. Usimsimulie. Ingia kwake, tazama kuna nini ambacho bado kinaishi: kuku watatu, tuta la mchicha, watoto wa jirani wanaojua kwamba akiwa na ubuyu huwagawia. Anzia hapo. Erickson hakuwa na hadithi ya maua mfukoni alipoingia kwenye jumba lile; aliyaona ndani.

Sasa niseme la hatari, na hapa nitakuwa mkali.

Usitumie hipnosisi kufukua kumbukumbu. Mteja akija akasema "nahisi nilifanyiwa kitu utotoni, nilaze nikumbuke", kataa. Mtu aliyezama katika hali ile hujaza mapengo kwa picha alizoelekezwa, kisha huamka akiwa na uhakika. Uhakika wake unaongezeka, ukweli hauongezeki. Miaka ya 1980 na 1990 kule Marekani familia nyingi zilivunjika, watu wakafikishwa mahakamani, kwa kumbukumbu zilizoibuliwa kwa njia za namna hii, na mahakama za huko zikaanza kuubana ushahidi uliotokana na hipnosisi. Wala si lazima iwe hipnosisi ndipo mtu akumbuke yasiyotokea. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwenzake walichapisha utafiti mwaka 1995: watu 24 walipewa visa vya utotoni mwao, kimoja kikiwa cha kubuni, kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo. Takriban robo yao walianza kukikumbuka, kwa ukamilifu au kwa vipande. Kisa kilichowapotosha kilikuwa aya moja ya maandishi. Wanaodhani hadithi ni dawa isiyo na madhara wakae na utafiti huo usiku mzima. Nami sisemi watu hawakudhulumiwa utotoni. Walidhulumiwa wengi, na wengi wanakumbuka vizuri mno bila msaada wetu. Hao wasikilizeni jinsi wanavyosema, kwa mwendo wao.

Na mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, anayeamini redio inamtaja, asizamishwe popote. Anahitaji daktari na dawa. Hospitali ya Lutindi ipo hapo Korogwe, imewatunza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Mirembe ipo Dodoma. Hospitali za mikoa zina wenzetu wa kitengo hicho. Anayesema anataka kujiua naye si mtu wa kusimuliwa kisa cha sungura. Kaa naye, muulize waziwazi, tafuta ndugu, mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Panapofaa hipnosisi pana ushahidi wake, na ujueni ili msiahidi zaidi. Kwa maumivu inasaidia watu wengi, si wote. Kwa tumbo linalosumbua muda mrefu bila kidonda wala uvimbe kuonekana, daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, walichapisha mwaka 1984 utafiti wa wagonjwa 30 walioshindikana kwa tiba nyingine, na waliofanyiwa hipnosisi wakapata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo na dawa ya bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Watu hutofautiana pia: wapo wanaozama upesi, wapo wasiozama hata ukiimba, na walio wengi wako katikati. Asiyezama hana kasoro, na wewe huna kasoro. Mtumie njia nyingine.

Kwa hiyo yale mabango ya "acha pombe kwa kikao kimoja" yashusheni. Mnajua ninayemsema.

Mmoja wenu ameniuliza afanye nini mteja akimuuliza, "Sasa ile hadithi ya mpingo ilimaanisha nini?" Jibu ni fupi: muulize yeye aliisikiaje. Akisema hakuelewa, sema "sawa", mwendelee na mengine. Akitoa maana ambayo hukuifikiria kabisa, usimsahihishe hata kama ni kinyume cha uliyokusudia. Andika maneno yake kwenye kumbukumbu zako, maana kikao kijacho kinaanzia hapo. Najua ukimya unawawasha, ninyi kizazi cha kujibu ujumbe kabla haujaisha kusomwa. Shikeni kikombe cha chai.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi nipo barazani kuanzia saa kumi. Njooni na kikao kimoja kilichokwenda kombo, bila jina la mteja, na anayetaka kuja na hadithi aje akijua nitamuuliza alimsimulia nani na kwa nini huyo.

Mama yenu,
Muheza