Mwanangu, hela ya vijana isikae kwenye simu yako

Bwana Yesu asifiwe mwanangu. Huku hatujambo, mguu wa baba yako umepoa ila bado anachechemea na habari ya hospitali hataki kuisikia, si unamjua. Tumefurahi sana vijana wa usharika kukuchagua mwenyekiti, shangazi yako kaitangaza mtaa mzima utafikiri umepata ubunge.

Sasa lile uliloniambia kwenye simu ukalipita harakaharaka, kwamba michango ya kongamano inaingia kwenye namba yako sababu ndo rahisi, watu wanatuma na ya kutolea halafu we unaandika kwenye daftari. Sijasema umekula, najua hujala. Lakini humo kuna laki tatu za vijana na nauli yako elfu kumi na tano, salio ni hilohilo moja, kesho umeme umekata usiku unanunua luku unasema ntarudisha, keshokutwa hukumbuki ilikuwa elfu kumi au ishirini. Hapo hakuna aliyeiba ila hela haipo. Na mtu akiuliza utaona kakutukana, utasema "kwani hamniamini?" Hilo swali ndo naliogopa kuliko hizo hela, kiongozi akishaanza kuuliza hivyo watu wanamnyamazia, wanaenda kusemea nje.

Kasome 2 Wafalme 12. Nyumba ya Bwana ina nyufa, makuhani wanapokea fedha, mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi unafika nyufa zipo vilevile. Biblia haisemi waliiba, inasema tu hawakuitengeneza. Mfalme akawauliza mbona hivi, lakini haikuishia kwenye kusemana, kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, na wakiona fedha zimekuwa nyingi wanakuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja. Na mke wa huyu Yehoyada ndiye aliyemficha Yoashi akiwa mtoto mchanga, Yehoyada mwenyewe akaja akamtawaza, yaani angetaka angesema mimi nimewapa mfalme, nani wa kunihesabia? Hakusema. Kwangu mimi unyenyekevu ndo huo, kule kuinamisha kichwa na kuongea taratibu kanisani hata matapeli wanaweza.

Kuna watu watakuletea mstari wa 15, kwamba waliokabidhiwa fedha za mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli imeandikwa. Ila waambie wasome na wa 10, hizo fedha zilishahesabiwa na watu wawili kabla hazijafika kwao.

Na usijidanganye kwamba we ni mtoto wa mzee wa kanisa. Samweli alisimama mbele ya Israeli yote akauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimepokea rushwa kwa nani, wakamwambia hujatuonea. Lakini wanawe, Yoeli na Abiya, walikuwa waamuzi kule Beer-sheba na walikula rushwa. Usafi wa mzazi haurithiwi kama shamba.

Hapa kwetu kuna mtu mzito mmoja, kwenye mnada baada ya ibada anapandisha jogoo mpaka elfu themanini watu wanapiga makofi, jogoo anaondoka, hela ni "wiki ijayo", na mhazini anaogopa kumkumbusha, mwisho linasomwa tangazo la michango pungufu tunalaumiwa wote. Ukiwa na mtu wa namna hiyo kwenye kamati yako mkumbushe kwa heshima, mfuate pembeni, lakini mkumbushe. Na yule binti uliyesema anauliza maswali mengi kwenye vikao hadi anakera, mfanye huyo ndo mhazini.

Wiki hii muombe mchungaji barua mkafungue akaunti ya kikundi, watia saini watatu, na usiwe peke yako wa kujua lolote. Hiyo iliyopo itoe yote mbele ya wenzio, ikipungua hata elfu mbili ongeza yako hapohapo na useme kwamba umeongeza.

Mimi na baba yako mchango wetu upo, elfu hamsini, tunasubiri namba ya akaunti. Kwenye simu yako situmi, hata ukinibembeleza.

Mama yako