Tuandikieni tenisi kwa seti zake

Kwa Mhariri,

Mimi ni mlinzi wa usiku katika jengo moja la magorofa hapa Kileleshwa. Naingia zamu saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuata tenisi kwenye simu yangu ndogo, pointi baada ya pointi. Picha sitazami. Picha humaliza bando la shilingi 20 kabla seti ya kwanza, yaani fungu la kwanza la gemu katika mechi, haijafika katikati. Ninachofuata ni matokeo ya moja kwa moja: majina mawili, kitone kando ya jina la anayeanzisha mpira, na namba zinazobadilika. Bando hilohilo hunitosha hadi alfajiri, na linanifukuzia usingizi kuliko chai ya rangi.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, Agosti 8, 2025. Montreal kule Kanada ilikuwa bado Alhamisi jioni, hapa kwetu saa saba ya usiku imeshapita. Victoria Mboko, msichana wa Kanada wa miaka 18 ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alikuwa anacheza fainali na Naomi Osaka wa Japani, bingwa mara nne wa Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, Wimbledon ikiwemo. Mboko aliingia katika mashindano yale kwa kadi ya mwaliko, akiwa nambari 85 duniani. Njiani alikuwa amemtoa Coco Gauff, nyota wa Marekani. Katika nusu fainali na Elena Rybakina wa Kazakhstan alipoteza seti ya kwanza 6-1, akaokoa pointi ya mechi katika seti ya tatu, kisha akashinda kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti iliyofungana. Usiku ule wa nusu fainali kuna wakati namba zilisimama nikadhani bando limekwisha. Baadaye ndipo nilisoma kwamba Mboko alikuwa ameanguka na kuumia kifundo cha mkono. Ndio ugumu wa kufuata mechi kwa namba: zikisimama hujui kama ni mvua, ni jeraha, au ni mtandao wako tu. Unabaki umekodoa macho hapo gizani, na lango nalo linataka kulindwa.

Fainali yenyewe, Osaka alichukua seti ya kwanza 6-2. Sikuzima simu.

Saa kumi na moja alfajiri mama mboga wa ng'ambo ya lango letu alifika na magunia yake kutoka soko la Wakulima. Huwa ananiuliza habari za usiku, nami humjibu kwa tenisi, kwa hivyo Mboko alikuwa amemjua wiki nzima. "Soja, yule mtoto wa Kongo amefika wapi?" Nilichukua kipande cha boksi nikamwandikia: 2-6, 6-4, 6-1. Akakitazama huku anafungua fundo la sukuma wiki. "Kumbe alianza kwa kuchapwa," akasema. "Halafu hapa mwisho yule mwingine aliishiwa kabisa." Mama huyu hajawahi kushika raketi. Lakini mechi yote aliiona pale kwenye boksi, ilivyopinda na ilivyonyooka.

Jumamosi nikanunua gazeti lako. Habari ilikuwa ya mistari minne. Ilisema Mboko amemlaza Osaka na kutwaa ubingwa, basi. Seti hazikuwepo. Msomaji ambaye hakukesha kama mimi angedhani msichana aliingia uwanjani akamshinda mwenzake bila taabu, na hilo si kweli hata kidogo.

Utauliza soja wa Kileleshwa ana udugu gani na msichana wa Kanada. Jina lake nililijua tangu Julai 2022. Katika fainali ya wasichana wawili wawili kule Wimbledon, Mboko na Kayla Cross walikuwa upande mmoja wa wavu, na upande wa pili alikuwa Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi, aliyelelewa na nyanyake hapa Nairobi, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam katika ngazi ya chipukizi.

Mechi hiyo ilinipita nikiwa nimelala, maana mchana ndio usiku wangu. Nilipoamka nikakuta 3-6, 6-4, 11-9, nikakaa kitandani nikiitazama hiyo 11-9 kwa muda mrefu. Mahali pa seti ya tatu wao walicheza taibreki ndefu: wa kwanza kufika 10 ndiye mshindi, mradi awe amemzidi mwenzake kwa pointi mbili. Sasa ukiona 11-9 huhitaji kusimuliwa na mtu. Lazima walipitia 9-9, kwa sababu mmoja angefika 10 mwenzake akiwa na 8, mambo yangeishia hapo. Kwa hivyo kuna dakika wasichana hawa wanne walisimama kwenye nyasi za Wimbledon, kila upande ukihitaji pointi mbili mfululizo, na msichana wa Nairobi na mwenzake ndio waliozipata. Hayo yote yamo ndani ya 11-9. Ukiniandikia tu kwamba Okutoyi aliibuka mshindi, 9-9 umeninyima.

Namba hizi nilijifunza nikiwa mvulana wa miaka 13, nikiokota mipira katika klabu moja hapa jijini. Tulikimbia pembeni ya uwanja bila viatu, na mwamuzi akiwa juu ya kiti chake kirefu alitaja pointi kwa Kiingereza ambacho wengi wetu hatukukielewa. Tulizishika kwa masikio kwanza, maana tukazipata baadaye. Siku hizi mwamuzi hubonyeza kila pointi kwenye kifaa kidogo alichoshika, na baada ya muda mfupi pointi hiyo inafika kwangu Kileleshwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Mtu ambaye hangeruhusiwa kupita mlango wa klabu bila ndoo ya mipira sasa anahesabiwa pointi sawa na aliyelipa tiketi Montreal.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Vijana wanaopita langoni usiku wakiniona nimeinamia simu huniuliza swali moja tu: "Mzee, umeweka ngapi?" Sijaweka kitu, na sitaweka. Swali lao nalielewa, kwa maana kasi ya namba hizi inalipiwa na kamari. Pointi za mashindano, hata ya ngazi ya chini, huuzwa kwa ajili ya watu wa kubeti. Jopo huru lililochunguza uadilifu wa tenisi lilipotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2018, lilipendekeza mauzo hayo yakomeshwe katika mashindano ya chini, ambako mchezaji hupata fedha kidogo na ni rahisi kushawishiwa auze mechi. Sasa fikiria mtoto wa shule hapa Nairobi anayetaka tu kujua Okutoyi amecheza vipi. Gazeti halimwambii. Anatafuta kwenye simu ya mamake, na kurasa nyingi zinazomjibu zimezungushiwa matangazo ya kubeti kila upande. Namba alizozitaka ni halali yake, ila amezifuata mahali ambapo mtoto hafai kuwa. Hapo, Mhariri, ndipo ninapoliona pengo ambalo gazeti la Kiswahili linaweza kuliziba.

Jambo jingine. Okutoyi aliposhinda dhahabu katika Michezo ya Afrika kule Accra, Machi 2024, kila mtu aliandika. Ni haki yake. Lakini tenisi si mchezo wa medali moja halafu kimya. Katika droo ya wachezaji 32, wachezaji 31 huondoka wameshindwa, na wiki inayofuata wanabeba mabegi kwenda mji mwingine. Kushindwa raundi ya kwanza kwa 6-7, 6-7 si sawa na kushindwa 1-6, 0-6. Yule wa kwanza alikuwa mechi nzima akipumua shingoni mwa mwenzake, na wiki ijayo huenda akampita. Tukimwandika akishinda tu, hatutajua kamwe anakaribia au anarudi nyuma.

Lugha isiwe kisingizio. Gemu, seti na taibreki tunazo tayari, na mtu wa kawaida anazielewa. Wachezaji wakifungana 40 kwa 40, mimi humwambia mama mboga "sare ya arobaini, sasa anatafutwa wa kutangulia kwa mbili," na hajawahi kuniuliza tena. Na mkitaja saa ya mechi, tafadhali iwe saa ya hapa kwetu. Mara mbili nimekesha bure kwa sababu ya saa ya Marekani.

Ukurasa mzima siombi, najua kandanda ndiyo inayouza gazeti. Naomba mstari mmoja kila siku penye mechi, pale chini karibu na msimamo wa ligi, namna hii:

Wimbledon, wasichana wawili wawili, fainali: Okutoyi na Nijkamp (Kenya na Uholanzi) waliwashinda Cross na Mboko (Kanada) 3-6, 6-4, 11-9.

Msomaji wako,
Mlinzi wa usiku, Kileleshwa, Nairobi