Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mafunzo: Naomba Inchi Moja Tu

Mheshimiwa Mkuu wa Mafunzo,

Natumai u mzima na kwamba kiti chako cha ofisini kinakukaa vyema. Nasikia kinapanda na kushuka ukibonyeza kwa chini. Hongera.

Jumanne orodha ya walioanguka shabaha ilibandikwa ubaoni, na jina langu lilikuwemo kwa mara ya tatu. Jioni hiyohiyo nikaondolewa doria, nikakabidhiwa daftari la lango. Mwalimu wa shabaha akasema mbele ya makurutu, "Wanawake mnaogopa mlio." Miaka 9 nimelala porini nikisikiliza simba, leo niogope mlio!

Afande, mimi nina sentimita 155. Bunduki ya G3 tuliyopewa inapita mita 1 na ina zaidi ya kilo 4 kabla haijatiwa risasi. Nikiegemeza kitako chake begani, kidole changu kinaigusa triga kwa ncha tu. Ili kifike, lazima nisukume kitako nje, kiache shimo la bega kikalie msuli wa mkono. Shavu linakosa pa kulala, jicho linabaki mbali na tundu la kulengea. Triga yenyewe nzito. Ukiivuta kwa ncha ya kidole inakwenda upande, na mtutu unaifuata. Juu ya hayo nivae fulana ya kuzuia risasi, unene wa vidole viwili. Nenda ukaitazame karatasi yangu: matundu yote yako kushoto, yamebanana kama punje za muhindi. Mwoga angetawanya.

Babu yangu alibeba bunduki ya Lee-Enfield katika KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Mkoloni hakumpenda babu, lakini bunduki ile ilitengenezewa vitako vya urefu tofauti, kila saizi ikipishana na nyingine kwa nusu inchi. S ilikuwa fupi, L ndefu, na B ya wafupi kabisa. Hata SLR, bunduki ya Waingereza iliyofuata, ilikuwa na saizi nne. Siku hizi kitako cha bunduki ya M4 unakivuta tu kama antena ya redio. Sisi ni saizi moja, ya nani sijui. Si yangu, wala si ya mwenzangu wa futi 6, anayejikunja nyuma ya G3 hadi pua inagonga kidole gumba.

Mwaka juzi ulisimama chini ya ule mwembe wetu ukasema suala la vifaa "linashughulikiwa". Tulipiga makofi, mimi kwa nguvu zaidi. Labda faili limekwama ugavini, labda ni fedha. Wenzangu wanataja zabuni, na mimi hapo nanyamaza, maana nina watoto wawili na posho ya doria imeshakatwa.

Siombi bunduki mpya, mheshimiwa. Siombi hata kurudishwa doria leo. Nipe kitako kifupi, kisha unipime tena, wewe mwenyewe ukiwa umesimama nyuma yangu.

Inchi moja, afande. Inchi moja tu.

Wako mtiifu,
Askari wa lango