Nimechagua kutoolewa, na mshenga anasubiri jibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nimekuwa nikisoma barua za wenzangu na majibu unayowapa, nikaona nami nikufungulie langu, kwa sababu nyumbani kila ninayemwendea ana upande wake tayari.

Sijaolewa na sitaki kuolewa. Nakuomba usikimbilie kumtafuta aliyeniumiza, maana hayupo. Sikuachwa na mchumba, sina maradhi ninayoyaficha, na wanaume siwachukii. Tangu nilipokuwa msichana wa kwaya nilijua moyoni kwamba maisha yangu nayataka yawe ya Mungu moja kwa moja, bila mume kati yetu. Mama aliposikia alisema ni hamu ya ujana, itapita. Haikupita. Nimekua nayo, nimeanzisha biashara nayo, nimemzika baba nayo, na kila ninaposali naikuta palepale.

Utauliza mbona sikwenda utawani. Masista nawapenda, na baadhi yao ni wateja wangu. Lakini maisha ya jumuiya ya watawa, kupangiwa kazi leo Korogwe na mwakani kwingine, kuacha cherehani na kumwacha mama yangu mwenye kisukari, sikuona hata siku moja kwamba ndiyo niliyoitiwa. Ninachokitaka ni useja wenyewe nikiwa hapahapa mtaani, nafungua duka asubuhi, nashona sare za shule, jioni nakwenda jumuiya kama waumini wengine.

Sasa nikueleze nyumbani kwetu palivyo, maana ndipo mambo yanapokazana. Marehemu baba alikuwa Msambaa, Mkatoliki. Mama ni mzaliwa wa Pangani, alizaliwa Mwislamu akabatizwa alipoolewa, na ndugu zake wamebaki katika dini yao. Tunaishi vizuri: Idi tunakula kwao, Krismasi wanakuja kwetu. Dada yangu ameolewa na Mlutheri wa Lushoto. Kwa hiyo nilipotamka kwamba sitaolewa, kila mmoja alikuwa na aya yake ya kunisomea.

Na nililazimika kutamka, kwa sababu imeletwa posa. Mgane mmoja wa parokia yetu, mwalimu mwenye watoto wawili, amemtuma mshenga kwa baba mdogo na barua. Shangazi, ni mtu mwema. Watoto wake nawajua, nguo zao nazishona mimi. Ningekuwa mtu wa kuolewa, ningemkubali. Hapo ndipo ninapokosa pa kushika, maana siwezi kumwambia baba mdogo kwamba ana kasoro. Mshenga ameambiwa arudi baada ya Pasaka.

Mama halii mbele yangu, ila nasikia usiku. Anauliza nani atanipikia uji nikizeeka, nani atasimama kwenye msiba wangu aitwe mwana wa marehemu. Sina jibu la kumtuliza. Ninao wapwa, ninayo jumuiya, lakini najua si sawa na mtoto wa tumboni, na sitamdanganya kwamba ni sawa.

Mtaani wao wamekwisha kuamua: nina jini mahaba. Unajua pwani yetu, mwanamke akifika umri wangu bila mume inasemwa ameolewa na jini anayewafukuza wanaume. Mama mmoja wa nyumba ya pili amefika na kombe la zafarani, na mwingine akampa mama jina la mganga wa kunipunga. Nilikataa yote mawili kwa heshima. Kilichoniuma ni kuona mama yangu anasita, kana kwamba jini lingekuwa nafuu kuliko mimi kuwa na akili zangu timamu. Jini linatolewa, nami nikapona. Uamuzi wa mtu mzima hautolewi kwa ubani.

Mjomba wangu, ambaye ni ustadh wa madrasa, hakutaka hata kusikia habari za mganga. Alikuja mwenyewe, tukakaa barazani, akazungumza nami kwa upole. Alinieleza habari ya watu watatu waliofika nyumbani kwa Mtume, mmoja akisema atasali usiku kucha, wa pili atafunga daima, wa tatu hataoa kabisa. Mtume akawajibu kwamba yeye anasali na kulala, anafunga na kufungua, na anaoa, na anayeipa mgongo sunna yake si katika wafuasi wake. Akanitajia sahaba Uthman bin Madh'un, aliyetaka kuishi bila mke kwa ajili ya ibada, Mtume hakumruhusu. Kisha akanisomea Surat al-Hadid, aya ya 27, inayosema kwamba utawa Wakristo waliubuni wenyewe wakitafuta radhi za Mwenyezi Mungu, kisha hawakuutunza kama ilivyostahiki kuutunza.

Maneno hayo ya mwisho hayajanitoka kichwani. Mjomba aliyasoma ili kunirudisha nyuma, nami nikayasikia kama yananiuliza: je, wewe utautunza? Hakuna padre aliyewahi kuniuliza swali zito kuliko hilo.

Nilimuuliza kama hakuna Mwislamu mcha Mungu aliyeishi bila kuoa. Mjomba ni mkweli, hakuficha. Alisema Imamu Nawawi, ambaye Hadithi Arobaini zake ndizo anazowafundisha watoto kila mwaka, alifariki mwaka 1277 bila kuoa, na Ibn Taymiyya vilevile hakuoa. Akamtaja Rabia wa Basra, anayesifiwa kwa kumpenda Mungu bila tamaa ya pepo wala hofu ya moto. Na Nabii Yahya ameelezwa katika Aal Imran kuwa mtu aliyejizuia. Ila akasisitiza kwamba maulamaa hao elimu ndiyo iliyowameza, hawakuinua kutooa kuwa ibada wala kumwita mtu awafuate. Nilielewa tofauti anayoichora, na kwa kweli naiheshimu. Tulikunywa kahawa, akaniombea dua, akaondoka akisema bado anataka kula pilau ya harusi yangu.

Shemeji yangu wa Lushoto yeye alikuja na moto. Kwake useja ni sheria ya mapapa: mapadre walikuwa wakioa mpaka Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1139 ulipotamka ndoa zao ni batili, na Luther akaifungua njia alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, aliyekuwa mtawa. Sikubishana naye kuhusu tarehe. Ila mimi si padre na hakuna aliyenilazimisha. Hata makanisa ambayo mapadre wao huoa hayakuitupa njia hii. Waorthodoksi wana mapadre wenye wake, lakini maaskofu wao ni waseja. Waanglikana nao wana masista. Hapo Magila, Muheza, walitumikia kwa miaka mingi masista wa shirika la Mateso Matakatifu, lililoanzishwa na Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwaka 1911. Paulo mwenyewe, katika sura ya saba ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anasema angependa wote wawe kama yeye, lakini kila mtu ana karama yake, na anaongeza kwamba hasemi hayo ili kumtega mtu. Shemeji akanyamaza kidogo, akasema basi ngoja amwulize mchungaji wake.

Niliyezungumza naye kwa urahisi zaidi ni mteja wangu mmoja, bibi wa Kihindu ninayemshonea blauzi za sari. Kwao, anasema, ujana wa kusoma ni wa kujizuia, ndiyo brahmacharya, kisha mtu anaoa, anazaa, na uzeeni anaweza kuyaacha ya dunia. Wapo wachache wanaoruka ndoa wakaingia usanyasi, yaani maisha hayo ya kuyaacha ya dunia, moja kwa moja. Alinikumbusha Gandhi, aliyeweka nadhiri ya kujizuia mwaka 1906 akiwa na mke na watoto, na mkewe hakuulizwa mpaka wakati nadhiri yenyewe inawekwa. Hapo bibi alitikisa kichwa. Mimi pia sikuipenda. Nadhiri ya namna hiyo inamfunga na mwingine, na mwingine huyo ana haki ya kusikilizwa mapema. Ndiyo maana kabla sijaahidi lolote kanisani natafuta namna ya kumfikia mama.

Sasa nakuja kwenye fundo. Paroko wangu ameniambia kwamba Kanisa lina nafasi kwa mtu kama mimi. Karne za mwanzo, kabla monasteri hazijaenea, walikuwepo wanawake waliobaki mabikira kwa ajili ya Kristo wakiishi majumbani kwao. Baadaye ibada ya kuwaweka wakfu ikabaki kwa watawa tu, mpaka mwaka 1970, wakati wa Papa Paulo VI, iliporekebishwa na kufunguliwa tena kwa wanawake wanaoishi mitaani na kazi zao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataja katika kanuni ya 604. Anayeweka wakfu ni askofu wa jimbo. Hakuna mama mkuu, hakuna nyumba ya shirika. Mwanamke anajilisha kwa kazi yake, anasali sala za Kanisa, anahudumia anapoishi. Asiwe amewahi kufunga ndoa, wala kuishi hadharani kinyume cha usafi wa moyo. Kuna maandalizi ya muda mrefu, lakini hakuna nadhiri za muda kama za masista, wanaoahidi kwanza kwa miaka kadhaa ndipo waahidi daima. Hapa ukiwekwa wakfu, ni mpaka kufa. Nimesoma kwamba Thailand kijana anaweza kuvaa kanzu ya utawa wa Kibudha kwa miezi michache kisha akarudi nyumbani, wala haonekani ameshindwa. Kwetu mlango huo haupo, nami sidai uwepo, ila nataka niingie nikijua.

Njia ya pili ni nadhiri ya binafsi, kati yangu na Mungu nikiongozwa na padre, labda mwaka mmoja mmoja. Hiyo haina sherehe wala askofu. Lakini haina pia kitu ambacho baba mdogo anaweza kukiona. Kesho ataletwa mgane mwingine, keshokutwa mganga mwingine, na mimi nitakuwa naeleza mpaka nizeeke.

Shangazi, nikiwa peke yangu dukani jioni najiuliza: nikienda kwa askofu sasa, katikati ya posa, nitakuwa namtafuta Mungu au natafuta ukuta wa kujificha nyuma yake? Moyo unanijibu kwamba nia yangu ni ya zamani kuliko posa hii. Lakini najua pia nimechoka, na mtu aliyechoka hushika chochote.

Naomba unishauri mambo haya. Nimjibu kwanza mgane na kulimaliza, nisubiri nyumba itulie, ndipo nimwendee askofu? Au niiambie familia yote kwa pamoja, posa na nia yangu, wasije wakasema niliwaficha? Mama nimwanzeje? Nimefikiri kumwomba mjomba awepo, ingawa hakubaliani nami, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kumwambia dada yake kwamba sina jini na akaaminiwa. Je, ni haki kumtwika mjomba mzigo huo, wakati dini yake inamfundisha vingine?

Na la mwisho ni la mgane. Ningependa kumweleza mwenyewe, kwa barua au ana kwa ana mbele ya mshenga, asije akadhani watoto wake ndio waliokataliwa. Baba mdogo anasema ni utovu wa adabu, jibu la posa hutoka kwa wazee na mwanamke hasemi. Mimi naona mtu aliyenitaka kwa heshima anastahili kusikia sababu kutoka kinywani mwangu. Kama kuna njia ya kulifanya hilo bila kumvunjia baba mdogo heshima, nielekeze, na tafadhali unijibu kabla ya Pasaka.

Ni mimi,
Fundi wa Ngamiani, Tanga